Swali la TLR9 Lililoniangusha Mwaka Jana

Wiki iliyopita nimefaulu wasilisho langu la uzamili. Mwaka jana, mbele ya jopo lilelile, niliangushwa, nikatoka machozi yakinilengalenga mpaka Kirumba. Mdogo wangu mmoja kanitumia ujumbe: "Dada, safari hii ulisomaje?" Namjibu hapa, maana najua tuko wengi tunaoitaka hii fani ya kinga ya mwili.

Swali lilikuwa fupi. TLR9 ni kipokezi kinachotambua DNA ya bakteria. Kwa nini basi hakikai juu ya utando wa seli? Mimi nilikariri njia nzima ya ishara, toka MyD88, protini inayopokea ishara kwa kipokezi, hadi NF-κB, inayowasha jeni za kinga, lakini hapo nikakwama. Mmoja wa wanajopo akafunga daftari nikiwa bado natafuta neno. Ule mlio bado ninao masikioni.

Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, namsaidia shangazi kuchambua dagaa, nikachukua mkaa nikachora seli ubavuni mwa boksi. Nikamwambia kipokezi hiki hutengenezwa ndani, kisha protini iitwayo UNC93B1 hukisindikiza hadi kwenye vifuko viitwavyo endosomu. Humo vimeng'enya hukikata kwanza, ndipo kinafanya kazi. Shangazi akauliza, "Na huyo msindikizaji akiwa mgonjwa, mwanangu?"

Sikulala. Jibu lilichapishwa 2006: panya waliobadilika asidi amino moja tu ya UNC93B1, ya nafasi ya 412, walipoteza ishara za TLR9 na ndugu zake TLR3 na TLR7 kwa mpigo. Vipokezi vipo, ila havifiki kazini! Na kile nilichoulizwa kikafunguka chenyewe: huko nje kuna DNA yetu wenyewe, ya seli zilizokufa. TLR9 ikikaa juu ya utando, itaikuta hiyo na kuipigia kelele kama adui. Kufichwa kwake endosomuni ndiyo salama yetu.

Kwa hiyo jamani, acheni kukariri mishale ya michoro ya njia za ishara. Kila protini muiulize: imezaliwa wapi, nani kaipeleka, akikosekana nini kinaharibika? Chora. Futa, chora tena. Wanaojidai kwa majina marefu wataulizwa swali la shangazi, na watanyamaza kama nilivyonyamaza.

Safari hii yule wa daftari aliandika nilipokuwa naongea. Nilimwona.

Mdogo wangu, anza na TLR7, msindikizaji ni yuleyule. Ukimaliza kuchora, piga picha unitumie.