Nimekuta muguka mfukoni mwa mwanangu

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Kisauni, Mombasa. Juzi nikifua suruali ya shule ya mwanangu wa miaka 14, nikakuta mfukoni majani ya muguka, ile aina ya miraa, yamechanganyika na njugu. Babake hutafuna kila jioni barazani. Nimchape?

JIBU: Marahaba mwanangu. Fimbo iweke kwanza. Nani hutumwa kumnunulia baba hayo majani? Kama ni kijana, basi bei na muuzaji keshawajua, na nyumbani ameona ni jambo la kawaida. Hapo marafiki wana kazi ndogo tu ya kumshawishi. Anza na mumeo: asimtume tena, wala asitafunie barazani. Kisha muulize kijana, bila makelele, hutafuna na nani na hulala saa ngapi. Muguka hufukuza usingizi. Asubuhi uchovu huonekana darasani.