OptiPlex 7010 yenye i5-3470 na GTA V: uiongezee vitu au ununue nyingine?

Mkuu, swali lako kwa ufupi: una Dell OptiPlex 7010, i5-3470, RAM GB 4, hard disk ya GB 500, haina kadi ya grafiki. Gemu la GTA V linakwenda fremu 15 hadi 20 kwa sekunde, barabara inachelewa kujichora mbele ya gari, na fundi kakwambia "hiyo mashine imeshakufa, tafuta nyingine". Jibu langu: iongezee, ila vipimo vya kasha ndivyo vitakavyoamua uongeze nini. Na usitoe hela yoyote kabla ya kupima.

Tuanze na prosesa, maana ndiyo unayotishwa nayo. GTA V ilipotoka kwa kompyuta Aprili 2015, orodha ya mashine inayopendekezwa ilitaja i5-3470 jina kwa jina, pamoja na RAM GB 8 na kadi ya GTX 660 yenye GB 2. Hiyo ndiyo prosesa uliyonayo. Unachokosa ni hivyo viwili vingine. Picha sasa hivi zinachorwa na HD Graphics 2500 iliyomo ndani ya prosesa, kitu kilichowekwa kwa ajili ya Word na video, tena haina kumbukumbu yake yenyewe: inamega kwenye hizo GB 4 ambazo Windows na gemu tayari zinagombania.

Ila angalia umepakua toleo lipi. Tangu Machi 2025 kuna matoleo mawili, Legacy na Enhanced, na mwenye gemu halali la kompyuta anayaona yote mawili. Wengi wanabonyeza Enhanced kwa sababu jina linavutia. Hilo kwa uchache linataka i7-4770, kadi ya GTX 1630 yenye GB 4, na SSD (diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka) ni lazima. Kwenye 7010 weka Legacy. Kasoro yake ni kwamba wachezaji wa mtandaoni wa Legacy na wa Enhanced hawakutani, kwa hiyo waulize kwanza wenzako unaocheza nao wako upande gani.

Sasa kupima. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, puliza vumbi kwenye hitsinki na kwenye pawa saplai. Shika feni kwa kidole unapopuliza ili isizunguke ovyo. Mashine ya mwaka 2012 au 2013 ambayo haijawahi kufunguliwa, pasti ya prosesa imeshakauka kama chokaa. Ifute kwa spiriti, weka mpya tone la ukubwa wa punje ya mahindi. Washa, fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto, cheza nusu saa. Joto la prosesa likikaa juu ya nyuzi 90, bado feni au pasti ina shida, na mashine inayochemka hivyo hujipunguzia kasi yenyewe. Kuna watu wamenunua kadi kumbe dawa ilikuwa blowa.

Kisha endesha benchmark ya gemu lenyewe, yaani jaribio lake la kupima fremu: ingia Story Mode, pita ile sehemu ya mwanzo yenye theluji, fungua mipangilio ya Graphics, bonyeza Tab. Andika fremu ulizopata. Shusha resolusheni (idadi ya nukta za picha) hadi 800×600, rudia. Fremu zikipanda sana, kinachobana ni upande wa picha, yaani kadi. Zikibaki palepale, kinachobana ni prosesa au RAM. Wakati huohuo Task Manager iwe wazi: ukiona Memory imegota juu ya 90% na Disk iko 100%, basi kule kuganda kwa sekunde mbili tatu ukikata kona ni Windows inahamisha vitu kutoka kwenye RAM kwenda kwenye hard disk na kurudi. Kwa mashine yako natarajia utaona yote mawili, picha na RAM.

Sasa chukua rula. 7010 ina makasha manne, na hukututajia lako. Pima upana: sentimita 17.5 ni MT, mnara wenyewe. 10.2 ni DT, 9.3 ni SFF, na 6.5 ni USFF. Ukikuta USFF, ishia hapo, haina tundu la kadi. RAM na SSD zitaifanya kompyuta nzuri ya kazi, lakini siyo ya gemu hili. DT na SFF zinachukua kadi fupi tu, zile za low profile. MT inachukua kadi ya kawaida. Pawa saplai nazo zinatofautiana: MT ina wati 275, DT 250, SFF 240. Zote hazina ile plagi ya pini 6 ya kadi.

Hiyo plagi ndiyo inayochuja kadi. Tundu la PCIe linatoa mwisho wati 75, basi tafuta kadi inayoishi ndani ya hizo 75 bila waya wa pembeni. Hesabu inakubali: prosesa wati 77, kadi 75, vilivyobaki kama 50, jumla 200 na kidogo. Dukani watakuuzia kiunganishi cha kutoa plagi ya pini 6 kwenye waya wa SATA ili uweke kadi kubwa. Kikatae. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba ampea 4.5 kwenye laini ya volti 12, ambayo ni wati 54, wakati ya pini 6 inaweza kudai 75. Plastiki inayeyuka, na harufu ndiyo inayokujulisha.

Kadi zenyewe. GTX 750 Ti ya GB 2 iko chini kidogo ya ile GTX 660 inayopendekezwa. Inacheza, ila texture (picha za nyuso za vitu) usizipandishe. GTX 1050 Ti ya GB 4 inaipita 660, na kwa 7010 ndiyo saizi yake kamili. GTX 1650 ni kali zaidi, ila kuna zenye pini 6 na zisizo nayo, kwa hiyo itazame kwa macho, usitazame boksi. Kama una SFF, pima nafasi kati ya tundu refu la kadi na kitu kinachofuata kabla ya kulipa, maana 1050 Ti na 1650 fupi nyingi ni nene, zinakula nafasi mbili. Ikiingia ya nafasi moja tu, ulizia NVIDIA T1000 au T600 zilizotoka kwenye mashine za ofisi. T1000 inakula wati 50 na nguvu yake iko karibu na 1650. Wauzaji wengi hawaipigii debe kwa magemu, na bei mara nyingi inaonyesha hivyo. Soketi zake ni mini DisplayPort, kwa hiyo weka bajeti ya kiunganishi.

GT 1030 niiseme kwa sababu ndiyo utakayopewa kwanza: kuna ya GDDR5 na kuna ya DDR4, jina moja, boksi karibu moja. Kasi ya kumbukumbu ya kwanza ni GB 48 kwa sekunde, ya pili haifiki 17. Ya DDR4 ni hela iliyotupwa.

Kadi bandia ni janga la kweli, hasa 1050 Ti. Wanachukua kadi za kale kama GTS 450 au GTX 550 Ti, wanabadilisha BIOS yake (programu iliyomo ndani ya kadi), Windows inasoma "1050 Ti GB 4", gemu linaanguka. Alama ya haraka: geuza kadi utazame soketi. Ikiwa na VGA, iache mezani, maana chipu za 1050 Ti hazitoi mawimbi ya VGA kabisa. Kisha mwambie muuzaji aichomeke kwenye mashine yake, fungua GPU-Z kutoka kwenye flashi yako. Programu hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi iliyochakachuliwa. Muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli ya Nairobi anayekataa kuijaribu mbele yako amekupa jibu tayari.

Hapo kuna jambo dogo litakalokukera siku ya kwanza. 7010 ina VGA moja na DisplayPort mbili nyuma, na kioo chako bila shaka umekichomeka VGA. Kadi kama 1050 Ti na 1650 hazina. Unahitaji kiunganishi cha HDMI kwenda VGA chenye saketi ndani. Waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili haufanyi chochote. Na ukishaweka kadi, kioo kichomekwe kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Mtu anaweka kadi, anarudisha waya palepale ulipokuwa, halafu anaanza kulalamika kuwa kadi ni mbovu.

Usikimbilie kubadili kioo pia. Cha inchi 19 chenye 1440×900 kina nukta milioni 1.3, cha 1080p kina milioni 2.07. Hicho cha zamani kinaipunguzia kadi zaidi ya theluthi moja ya kazi.

RAM: nunua vipande viwili vya GB 4, au viwili vya GB 8 ukiweza, usinunue kipande kimoja. DDR3 ya 1600 ikiwa kipande kimoja inapitisha GB 12.8 kwa sekunde, vikiwa viwili 25.6. Viweke kwanza kwenye matundu yenye vibana vyeupe. Soma herufi ya mwisho kwenye lebo: PC3-12800U ni ya desktop, ndiyo yako. Ikiishia na S ni ya laptop, haiingii. Ikiishia na R ni ya seva: itaingia vizuri kabisa, ila mashine haitawaka. Hizo R ndizo utakazoziona kwa bei ya kushangaza. PC3L haina tatizo, mashine inaikubali. Zile zilizoandikwa "for AMD" ziache.

SSD ya SATA, GB 240 ikiwa ya Windows tu, 480 kama na gemu litakaa humo, na linapaswa kukaa humo maana linazidi GB 100 siku hizi. Hard disk inasoma MB 100 hadi 150 kwa sekunde ikiwa na bahati; SSD karibu 500. Fremu haziongezeki, lakini ile barabara inayochelewa kutokea inaisha. Hard disk ibakishe ya muvi.

Ukimaliza yote, ndani ya gemu: kati ya njia za kulainisha kingo za picha, FXAA washa, MSAA zima. Grass iache Normal, inakula kadi kuliko unavyodhani. Population Density ishushe hadi nusu, na yale mambo ya Extended Distance Scaling yaache sifuri, hayo mawili ni mzigo wa prosesa. Halafu funga fremu zisizidi 60 kwa programu ya RivaTuner. i5 yako ina kori 4 bila nyuzi za ziada. Ukiiacha ikimbie hadi 100%, haibakizi nafasi ya kupakia mtaa unaofuata, na utaona fremu 80 zinazogandaganda. Sitini zilizotulia ni bora. Ukitaka pumzi zaidi baadaye, i7-3770 inaingia palepale bila kubadili kitu kingine. Yenye herufi K usiiongezee hela, mazabodi hii haipandishi kasi.

Sasa mpaka wa kusema hapana. Andika bei ya RAM, SSD na kadi. Kati ya hizo tatu, ni RAM ya DDR3 pekee itakayokufia mkononi ukihama. Kadi na SSD unazichomoa unaondoka nazo. Ndiyo maana hata mwenye MT nashauri achukue kadi ya low profile ikiwa bei hazijapishana sana, kwa sababu huja na vibao viwili vya nyuma, kifupi na kirefu, na itaingia kwenye kasha lolote la kesho. Kwa hiyo usilinganishe jumla yote na mashine nyingine. Linganisha bei ya RAM tu, na utofauti kati ya utakachouzia 7010 na bei ya mtumba wa kizazi cha 8 cha prosesa za Intel: OptiPlex 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4, yenye i5-8500 ya kori 6. Kama utofauti huo unaumudu bila kugusa hela ya kadi, ruka moja kwa moja, kwa sababu Windows 10 iliishiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi hicho cha 8. Kama ukiruka unabaki huna hela ya kadi, baki na 7010 uweke kadi. i5-8500 bila kadi itachezesha GTA V vibaya kuliko i5-3470 yenye 1050 Ti.

Ukiruka, jihadhari na zilizoandikwa Micro au Mini, hazina nafasi ya kadi. Na Dell za kuanzia 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini chache kwenye mazabodi badala ya ile ya kawaida ya 24 iliyopo kwenye 7010, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii bila kiunganishi chake.

Wanaosema usubiri GTA VI kwanza: iliyotangazwa ni ya PS5 na Xbox Series tu. Hakuna orodha ya mashine ya kompyuta ya kununulia chochote. Tuletee upana wa kasha kwa sentimita na fremu za benchmark kwenye resolusheni zote mbili, tutakutajia kadi moja.