Uliza Kinyozi: Chupa Nyeupe Yenye Merikebu

Safari hii nina barua nne, zote za mashavuni. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenirudisha kwenye kiti changu cha Magomeni Mapipa, mniwie radhi. Zilizobaki nimezikata fupi kama nywele za mwanafunzi Jumatatu.

Shikamoo, Babu Kinyozi. Mzee wetu alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Juzi tulifungua sanduku lake la bati, na chini ya makoti tukakuta chupa nyeupe imechorwa merikebu, imeandikwa Old Spice, imebaki kama robo. Nilipochomoa kizibo nikasikia kama baba kaingia chumbani, hata nikageuka. Nimeipaka asubuhi mbili baada ya kunyoa. Mke wangu anasema nanuka kama babu wa harusini. Je, bado inafaa kupakwa? Na kwa nini inatoa harufu ya karafuu wakati ni kitu cha Wazungu?
*Kijana wa Tabata Segerea, miaka 34*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzee. Kwanza mrekebishe mkeo kwa adabu: mtu aliyepaka hiyo hanuki, ananukia. Akishakubali hilo, mengine mtaelewana.

Nianze na karafuu, maana hapo ndipo penye utamu. Ndani ya karafuu mna mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kinaitwa eujenoli. Ndiyo harufu ile ile unayokutana nayo kwa daktari wa meno, kwa kuwa huichanganya kwenye dawa ya kuzibia jino. Old Spice imejengwa juu ya viungo vya namna hiyo. Ukiimimina, kitu cha kwanza kupanda puani ni chungwa na limau, nacho hakikai, dakika chache kimeshaondoka. Kisha wanaingia mdalasini, karafuu na karnesheni, ua ambalo lenyewe linanukia karafuu kwa sababu ya mafuta hayo hayo. Ikikaribia adhuhuri, kilichobaki ni vanila na kitu kama ubani, karibu sana na ngozi. Mwanamke yeyote wa pwani aliyewahi kufukiza nguo kwenye chetezo akikusogelea saa sita mchana ataitambua, hata kama asubuhi alikucheka.

Na hiyo merikebu usiipite hivi hivi. Kampuni iliyoanzisha marashi haya ni Shulton ya New York, ya bwana mmoja William Lightfoot Schultz. Mwaka 1937 walitoa ya wanawake, ya wanaume ikafuata 1938. Wakachora kwenye chupa merikebu za kweli, miongoni mwao Grand Turk na Friendship, za mji wa Salem, Massachusetts. Sasa tega sikio. Wafanyabiashara wa Salem hao hao, katika miaka ya 1820 na 1830, walikuwa wakija Unguja kwa Seyyid Said na shehena za kitambaa cha pamba, na hadi leo kitambaa kile tunakiita merikani. Walirudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mwaka 1837 Marekani ilikuwa na konseli wake, yaani balozi mdogo, Unguja, naye alikuwa mtu wa Salem. Sisemi merikebu mbili za kwenye chupa zilitia nanga Forodhani. Hizo ni za zama za nyuma kidogo, na Grand Turk sifa yake ilikuwa safari ya Uchina. Ila mtu asikwambie kwamba harufu hiyo ni ngeni kwetu. Karafuu yenyewe asili yake visiwa vya Maluku, ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Pemba ikaipenda kuliko wote.

Mimi chupa hiyo niliiona mara ya kwanza mwaka 1982. Nilikuwa na kiti kimoja chini ya mwarobaini, wembe wa kukunja, mkanda wa ngozi wa kunolea na kioo kilichopasuka kona. Miaka ile sabuni ilikuwa ya kupangiwa foleni. Nyumbani tulifulia majani ya mpapai. Mteja wangu mmoja alikuwa baharia. Siku aliyorudi kutoka safari ndefu aliiweka chupa kwenye kijimeza changu akasema, "Fundi, hii iwe hapa. Nikija unipake mimi, na wenzangu uwapake kwa hesabu."

Kwa hesabu maana yake matone matatu. Tundu la chupa lile ni dogo, linafanya kazi kama mrashi wa harusini: halimwagi, linarashia. Nilikuwa naitikisa juu ya kiganja mara tatu, nasugua viganja mara moja tu, kisha nabandika. Sisugui, nabandika: shavu la kulia, la kushoto, chini ya kidevu, mwisho kisogoni. Mteja anavuta pumzi kwa meno, ssss, jicho moja limefumba. Halafu ananyamaza. Hicho kimya cha baada ya ssss ndicho watu walichokuwa wakikilipia, maana kunyoa mtu angeweza kujinyoa kwake. Alikuwepo mwalimu mmoja wa sekondari ambaye hakuwa akiinuka mpaka kimya hicho kiishe, hata foleni iwe watu sita.

Chupa ikaisha, baharia yuko majini. Hapa naungama. Nilitafuta spiriti ya kusafishia vidonda, nikatia karafuu kiganja kizima na gome la mdalasini, nikaifukia kabatini wiki mbili, kisha nikaichuja na kuitia kwenye chupa ile ile nyeupe. Wateja watatu walipita bila neno. Wa nne alikuwa mwalimu. Akavuta pumzi, akafumbua jicho, akanitazama kwenye kioo: "Fundi, leo umenipaka pilau." Na kweli, kola ya shati lake jeupe ilikuwa na doa la kahawia kama amemwagikiwa na chai. Nililifua shati lile mwenyewe. Kwa majani ya mpapai.

Turudi kwako. Spiriti iliyomo huzuia vijidudu, kwa hiyo chupa ya mzee haijaoza kama maziwa. Kinachoharibika ni harufu: mwanga na joto hula zile za mwanzo, chungwa na limau, na spiriti nayo hutoroka taratibu kwenye kizibo. Ndiyo maana wewe umekutana na karafuu moja kwa moja, bila kubisha hodi. Mimina kidogo kwenye kitambaa cheupe. Ikiwa imekuwa nyeusi au ina ukali kama wa siki, isiguse ngozi. Ikiwa safi, paka tone moja ndani ya kiwiko, usubiri hadi kesho yake. Hata ikikukubali, usiipake shingoni ukatoka juani, maana marashi mengi ya zamani yalikuwa na mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, ambayo jua likiyapiga huweza kuacha madoa meusi.

Ushauri wangu, kama ungekuwa mwanangu wa kuzaa: ya mzee usiimalize. Tia tone kwenye leso siku za Idi, Krismasi, au siku unayomhitaji, kisha rudisha kizibo na uiweke gizani, mbali na joto la bati. Ya kila siku nunua mpya. Jina hilo tangu 1990 liko mikononi mwa kampuni ya Procter & Gamble na bado linauzwa. Pua yako itaona tofauti kidogo, ya mzee ikiwa nzito zaidi. Dukani fungua kwanza, unuse, ndipo utoe hela. Ile ya kwenye kikapu cha mtembezi pale Kariakoo, ambayo kizibo kinazunguka bila kukaza na herufi zinatoka kwa kidole, mwachie mwenyewe.

Babu, mume wangu ana chupa ya kijani ya Brut, yenye kijimedali shingoni. Anajimwagia kama anaoga. Asubuhi tukivuka na pantoni watu wanahama upande wake. Nikimwambia ananijibu eti yeye hata haisikii. Nifanyeje?
*Mama wa watoto wawili, Kigamboni*

Mama, anasema kweli, haisikii. Pua huzoea harufu ndani ya dakika chache tu, na mwenye nayo ndiye wa kwanza kuzoea. Kesho anaongeza, keshokutwa anaongeza tena, na pantoni linazidi kupata nafasi.

Brut naipenda, nisimseme vibaya. Imetoka 1964 kwa watu wa Fabergé, ina lavenda na anisi mbele, na nyuma utamu wa vanila. Vijana wa Ilala walikuwa wakienda nayo dansini. Ila muulize kwanza ni chupa ipi. Aftasheivu, yaani ile ya kupaka baada ya kunyoa, huwa na mafuta ya marashi machache, mara nyingi kama asilimia 1 hadi 3, imetengenezwa iondoke mapema. Yale ya kujipulizia mwilini yana asilimia 5 hadi 15, na chupa zinaweza kufanana kama mapacha. Akiwa anajimwagia ya pili kwa kipimo cha ya kwanza, basi watu wa pantoni nawahurumia. Na mwezi Machi, kwa joto letu na unyevu ule wa baharini, kila tone linafanya kazi ya matone mawili.

Usimseme mbele ya watoto. Chukua chupa, mmiminie wewe kiganjani, matone matatu, umpake kwa mkono wako. Sijaona mwanaume aliyelalamikia kipimo kwa njia hiyo.

Mzee, mimi saluni nanyolewa na mashine, halafu kijana ananipaka spiriti. Inawaka mpaka machozi. Nikinunua aftasheivu nayo inawaka, na vipele vya ndevu haviishi. Ndiyo dawa inafanya kazi au ninaungua?
*Dereva, Sinza*

Huungui, ila ngozi inadhani inaungua. Neva zinazotambua moto kwa kawaida huamka joto likikaribia nyuzi 42. Spiriti hukishusha kiwango hicho hadi kama nyuzi 34, na ngozi yako yenyewe iko huko huko, kwa hiyo unachosikia ni joto lako mwenyewe. Zile zenye menthol, kama Aqua Velva ya bluu, huamsha pia neva za baridi, ndiyo maana unasikia barafu juu ya moto. Wapo wanaoipenda hali hiyo, mimi mmojawapo. Sekunde kumi, basi. Ikiwaka dakika nzima, ujue ngozi imechunwa.

Vipele havitibiwi na marashi. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa kwa chini sana hujikunja na kuchoma ngozi kurudi ndani. Hicho ndicho kipele. Mwambie kijana asikwangue mpaka chini, apitishe mashine kufuata nywele zinakoelekea, na abadilishe au kusafisha kichwa cha mashine mbele ya macho yako. Kama shingo imeshavimba, acha kunyoa wiki tatu nne, na aftasheivu iache pia. Vikitoa usaha nenda hospitali. Na ukiona spiriti yake ina rangi ya zambarau, ile ya kuwashia jiko, inuka kwenye kiti hata kama amekunyoa upande mmoja.

Assalaam alaykum, Babu. Napenda harufu za kizee lakini sitaki kupaka kitu chenye spiriti kisha niende msikitini. Kuna njia?
*Msomaji, Ilala*

Wa alaykum salaam. Hukumu yenyewe muulize sheikh wako. Wanazuoni wametofautiana na mimi ni kinyozi. Njia ipo, tena ya zamani kuliko chupa zote nilizozitaja. Ukimaliza kunyoa, nawa maji ya baridi, lowesha kipande cha shabu ukipitishe mashavuni polepole; inakaza ngozi na kuzuia damu ya mikwaruzo. Subiri ikauke, kisha suuza. Halafu maji ya waridi. Mwisho chovya ncha ya kidole kwenye mafuta ya karafuu yaliyozimuliwa vizuri na mafuta ya nazi, tone moja kwa kijiko kizima, uguse nyuma ya masikio tu. Yasiyozimuliwa usithubutu, yanababua.

Shabu ninayosema ni lile jiwe jeupe linaloangaza kama kioo, linapatikana kwa wauza dawa za asili Kariakoo. Nenda mwenyewe. Mwezi uliopita nilimtuma mjukuu wangu akaulizie shabu mtaani, akarudishwa nyumbani na mjumbe wa shina.