Seva ya muziki na DAC: kabla ya waya, soma kioo

Mdogo wangu, siku utakayoitwa nyumbani kwa mtu kuunganisha seva ya muziki, yaani kompyuta inayotunza na kucheza nyimbo, na DAC utakuta vifaa vya bei ya kutisha, na mwenye navyo ana swali moja tu: waya gani? Mjibu kwa adabu, lakini usianze na waya. Anza na kile kioo kidogo kilicho mbele ya DAC.

Kazi ya DAC ni kupokea namba kutoka kwenye seva na kuzigeuza kuwa mkondo wa umeme ambao amplifaya itaukuza. Muziki uliotoka kwenye CD una sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli biti 16. Basi cheza wimbo wa namna hiyo, utazame kioo. Kikiandika 44.1, yaani kilohezi, maelfu ya sampuli kwa sekunde, mwendo wa namba haujaguswa. Kikiandika 48, 96 au 192, kuna kitu njiani kimeupika upya muziki kabla haujafika, na ni juu yako kukitafuta.

Mimi zamani nilikuwa sitazami. Kuna mzee mmoja wa Mbezi Beach nilimbadilishia waya mara tatu, kila mara wa bei zaidi, kwa sababu alisema muziki umepoa. Siku ya nne ndipo nikainama nikasoma: 48. Seva nyingi za muziki ndani yake ni mfumo wa kompyuta wa Linux, na ALSA, sehemu inayoshughulikia sauti, ikiachiwa ipitishe muziki kwenye kichanganyio chake, kinachochanganya sauti za programu mbalimbali, kwa kawaida hupeleka kila kitu kwa kilohezi 48. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua njia ya DAC ambayo jina lake linaanza na hw. Basi. Nyaya zake tatu bado ziko kabatini kwake, na kila nikipita ananionyesha.

Kama DAC haina kioo, iulize seva yenyewe. Wimbo ukiwa unacheza, fungua faili linaloitwa hw_params ndani ya /proc/asound, kwenye namba ya kadi ya ile DAC. Litakuambia kasi inayotoka. Kwenye Windows, iruhusu programu iishike DAC peke yake, isipitie kichanganyio cha mfumo. Na ukikutana na Windows ya zamani, kumbuka kwamba draiva ya USB ya sauti daraja la pili (USB Audio Class 2), programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na DAC, iliingizwa ndani ya Windows 10 mwaka 2017 tu. Kabla ya hapo lazima upakue ya mtengenezaji wa DAC.

Kipimo kikali zaidi ni faili la DSD, namna nyingine ya kurekodi muziki kwa biti moja moja, linalopelekwa kwa mtindo wa DoP. Humo biti za DSD hufungwa ndani ya sampuli za kawaida za biti 24, na biti nane za juu hubeba alama ya kuitambulisha DAC. Programu ikigusa sauti hata kidogo, alama inaharibika, DAC haitambui tena, nawe utasikia mvumo kama wa redio isiyoshika stesheni. Kwa hiyo kwanza punguza amplifaya, ndipo ucheze. Kioo kikisema DSD, namba zimefika kama zilivyoondoka.

Sasa njia ya kupitia. Kila mcheza ngoma anajua kwamba lazima mmoja ashike mapigo na wengine wamfuate. Kwenye S/PDIF, njia ya kupelekea sauti ya kidijitali, iwe ya waya wa RCA au ya mwanga, seva ndiyo inayoshika mapigo, na DAC inalazimika kuyachuja kutoka ndani ya mkondo wa namba na kuyafuata. Seva ikiyumba, DAC ina kazi ya kuutuliza mtikisiko, na si zote zinazoiweza sawa. Kwenye USB ya asinkroni mambo yamegeuka: DAC inashika mapigo kwa saa yake, na inaiambia seva ongeza kidogo, punguza kidogo. Saa nzuri inakuwa pale pale namba zinapogeuzwa kuwa umeme, ndipo mahali pake. Ndiyo maana mimi, kama chumba ni kimoja, naunganisha moja kwa moja kwa USB.

Wapo wasiokubali. Waliotengeneza Roon, programu ya kucheza muziki, kwa mfano, hupendelea kompyuta nzito ikae mbali na kifaa kidogo kikae karibu na DAC, viunganishwe kwa mtandao. Hoja yao ina uzito: kompyuta ina kelele ya umeme na mara nyingine feni. Lakini mtu aliyekwisha kulipia seva isiyo na feni, yenye pawasaplai tulivu na mlango wa USB uliotengenezwa kwa ajili ya DAC, ameshanunua jibu la hoja hiyo. Usimuuzie boksi la pili.

Kuhusu waya wenyewe sina mengi. Uwe mfupi, USB 2.0 haitakiwi kupita mita 5, na uwe umetengenezwa sawasawa. Sauti kwenye USB haitumwi mara ya pili ikikosewa, kwa hiyo waya mbovu utausikia ukikatakata na kupiga vidoko. Hauwezi kupunguza besi ukaacha vingine vizima. Anayekuambia hivyo anauza waya. Wala usizibe pini ya volti 5 kwa selotepu kama unavyoona watu wakifundishana. DAC nyingine, hata yenye umeme wake, bila hizo volti haitambuliki na seva.

Kinachosumbua kweli majumbani kwetu ni mngurumo. Chomoa USB huku sauti ya amplifaya ikiwa chini. Mngurumo ukinyamaza, mzunguko wa ethi, yaani vifaa vilivyoungwa na ardhi kwa njia zaidi ya moja, unapita kwenye seva. Usikimbilie kukata pini ya ethi kwenye plagi, utaua mtu. Fuata nyaya: mara nyingi seva imeungwa na TV kwa HDMI, TV na king'amuzi, king'amuzi na dishi, na dishi limekaa kwenye bomba la chuma juu ya paa. Chomoa HDMI usikilize. Waya wa mtandao wa kawaida si mshukiwa, kwa sababu umetengwa kwa transfoma ndogo kwenye milango yake. Ule wenye kava la chuma ndio wa kuangaliwa. Ukishindwa kabisa, waya wa mwanga, ambao Toshiba waliuleta mwaka 1983, haupitishi umeme hata chembe, ila mara nyingi usitegemee zaidi ya kilohezi 96.

Na usiiweke seva isiyo na feni ndani ya kabati la kioo lililofungwa. Gamba lake la nje ndilo linalotoa joto, na joto la Dar unalijua.

Kosa langu kubwa halikuwa hata moja ya hayo. Mteja alitaka njia fupi kabisa: seva, DAC, kisha amplifaya ya nguvu isiyo na kitasa cha sauti. Nikamfungia hivyo, sauti ikawa inapunguzwa kwenye simu. Tukanywa chai, nikaondoka. Wiki ya pili umeme ukakatika usiku, ukarudi, seva ikajiwasha na programu ikaanza na kiwango chake cha kiwandani, asilimia 100. Asubuhi mtoto akabonyeza wimbo. DAC nyingi hutoa volti 2, na amplifaya nyingi hufika mwisho wa nguvu kabla ya hapo. Spika mbili ndogo, zile za sauti nyembamba, zikaungua. Mtoto akalia, mimi nikalipa.

Watakuambia kupunguza sauti kwenye programu kunapoteza ubora. Kila desibeli 6 ni kama biti moja, ni kweli. Lakini kwenye njia ya biti 24 ukishusha desibeli 30 umebakiwa na 19, na CD ina 16. Hilo halinikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni ile 100. Sasa nataka kitasa cha mkono mahali fulani, kwenye DAC au kwenye amplifaya, na programu nimeifunga isiguse sauti kabisa.

Kwa yule mteja nilirudi nikaweka UPS, betri ya akiba, ya seva na DAC, maana seva ikiwaka kabla ya DAC mara nyingi haiioni, inatafuta mlango mwingine wa kutolea muziki. Amplifaya nikaiacha nje ya UPS, kwenye swichi ya kontakta ambayo umeme ukikatika hubaki imezima hadi mtu aibonyeze. Juu yake nimebandika plasta nyeupe: "Mimi wa mwisho kuwashwa, wa kwanza kuzimwa." Mtoto ndiye anayewasomea wageni.