Kihispania na miji: anza na mtaa wenye ugomvi

Kama unafundisha Kihispania chuo kikuu na unataka kuingiza maendeleo endelevu ya miji kwenye kozi, usianze na nyaraka za Umoja wa Mataifa. Lengo la 11 la Maendeleo Endelevu, lile la miji, linapatikana bure kwa Kihispania, sawa, lakini lugha yake ni ya mikutano. Mwanafunzi ataweza kusifu miji jumuishi, kisha ashindwe kulalamika kwamba basi limechelewa. Tafuta mtaa mmoja ambao watu wake hawaelewani.

Mimi napenda Poblenou, Barcelona. Mwaka 2016 manispaa ilijaribu huko mpango wa supermanzana: vitalu tisa vya majengo vinafanywa eneo moja, magari ya kukatiza yanazuiwa, na nafasi inayobaki inakuwa ya watembea kwa miguu na watoto. Kuna wakazi walioshangilia, na kuna waliopinga hadharani. Darasani nagawa nafasi: mzazi, dereva wa gari la mizigo, mwenye duka, ofisa wa mipango miji. Kila mmoja anapewa ramani na aya mbili tatu za gazeti nilizozipunguza, basi, kikao kinaanza. Mwenye duka anasimama: «No quiero que cierren la calle» (sitaki wafunge barabara). Hapo subjuntivo, umbo la kitenzi la kutaka au kutotaka jambo litendeke, haikwepeki, maana kila anayeingia kikaoni ana jambo analotaka mwingine afanye au asifanye. Makosa nayaandika pembeni na kuyasahihisha kikao kikiisha. Ukimkatiza mtu aliyekasirika, hasira inaisha na Kihispania chake kinaisha nayo.

Kwa nyakati zilizopita, Medellín, Kolombia, inatosha. Mwaka 2004 Metrocable, usafiri wa vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, ilianza kupandisha abiria kutoka kituo cha Acevedo hadi Santo Domingo, mlimani. Maisha yalivyokuwa kabla ya hapo yanadai imperfecto, wakati uliopita wa mambo ya kuendelea. Siku kebo ilipozinduliwa inadai indefinido, wakati uliopita wa tukio lililokwisha. Ila usiiuze Medellín kama muujiza. Maktaba ya España, iliyojengwa mtaa huohuo na kufunguliwa 2007, ilikuja kufungwa kwa miaka kadhaa kwa sababu ya kasoro za ujenzi. Wanafunzi huchangamka zaidi wakipewa na upande huu.

Wanaoanza wapewe Ciclovía ya Bogotá. Jumapili na sikukuu, zaidi ya kilomita 100 za barabara huachiwa baiskeli na waenda kwa miguu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Saa, siku na kuelekezana njia: hiyo ni silabasi yao tayari.

Kwenye alama, nina msimamo mkali. Sisahihishi utaalamu wa mipango miji, kwa sababu sina. Mwanafunzi akitetea magari kwa Kihispania kizuri, alama zake anapata zote. Hoja zenyewe namwachia mwenzangu wa jiografia, ambaye huja kikao cha mwisho kuuliza maswali. Hajui Kihispania, kwa hiyo wanafunzi hulazimika kumtafsiria, na hilo nalo nalipa alama.