Upande wa nyuma wa karatasi ya kura

Mhariri, wiki hii umeuliza kama majaji wachaguliwe na wananchi kwa kura. Hapana. Nami naishi Minnesota, Marekani, ambako majaji wa mahakama za wilaya hupigiwa kura kila miaka 6. Wengi wao hawana mpinzani. Kiti kikiwa wazi katikati ya muhula, gavana huteua mtu, naye hukalia kiti zaidi ya mwaka mmoja ndipo apelekwe kwa wapiga kura, na kando ya jina lake huchapwa kwamba ndiye aliye kazini. Uchaguzi gani huo? Kwetu Kenya angalau Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji runingani. Willy Mutunga, alipoomba kazi ya Jaji Mkuu mwaka 2011, aliulizwa hadi habari za kipuli chake.

Sasa shemeji yangu. Ni Mkongo wa Fizi, amemwoa dada yangu. Walipohama nyumba, mwenye nyumba alikaa na pesa zao za garanti, ndivyo Wakongo wanavyoita deposit ya nyumba, na sheria ya hapa inampa wiki 3 tu kuzirudisha au kueleza kwa nini hazirudishi. Tukaenda kortini. Mkalimani alikuwa kwenye simu, Kiswahili chake kimenyooka kama cha taarifa ya habari. Jaji akizungumza, yeye anatafsiri: “Mahakama inauliza kuhusu dhamana yako.” Shemeji akaitikia kwa kichwa. Tena “dhamana”, tena kichwa. Mimi nyuma jasho linanitoka, maana kwa Mkenya dhamana ni ya mtu aliye rumande.

Jaji akavua miwani. Akamwambia mkalimani, mwulize arudie kwa maneno yake nilichosema. Kimya. Halafu shemeji, kwa adabu zote: “Amesema nitafungwa.”

Nikajisahau, nikapaza sauti, “Garanti, shemeji! Ni ile garanti!” Nilijua natolewa nje. Jaji akaniuliza neno hilo linaandikwaje, akaliandika, akamwomba mkalimani alitumie, na kesi ikaanza upya tangu mwanzo, huku watu wamejaa mlangoni wakingoja zamu zao. Pesa zilirudi, ingawa si zote.

Novemba yake, kwa mara ya kwanza, niligeuza karatasi ya kura. Jina la jaji yule lilikuwa huko nyuma, peke yake. Baadaye nilisoma kwamba kabla ya kuteuliwa alikuwa wakili wa kutetea wasio na uwezo, miaka mingi. Nilikoleza wino kwenye kile kiduara, nusura nitoboe. Majaji wengine niliwaacha wazi, siwajui.

Kwa hiyo nasimama pale pale, majaji wasipigiwe kura, na Kenya tusiige. Ila hii kura yangu msininyang’anye, angalau mpaka yule atimize miaka 70 sheria imrudishe nyumbani. Najua hayo mawili hayakai chungu kimoja. Shemeji anakula kiapo cha uraia mwezi ujao, na ameshaniuliza huko nyuma ya karatasi kuna nini.