Mwalimu mpya anauliza aende na mtoto kituoni au amwache kwa bibi: jibu langu

Mdogo wangu uliyeuliza, nimesoma swali lako jana usiku nikaona siwezi kulipita. Umesema umepata ajira ya ualimu wa msingi, umepangiwa shule ya ndani ndani mkoa wa Singida, mumeo yuko Dar ana kibanda chake cha kutengeneza simu, mtoto ana mwaka na nusu, na karibu kila aliyekujibu amekwambia umwache mtoto kwa bibi yake uende peke yako halafu uanze kuhangaikia uhamisho. Mimi nasema nenda na mwanao. Na usiende kama mtu wa kupita, nenda ukahamie kweli.

Naongea hivi kwa sababu mimi ni Mchaga wa Kibosho, ualimu nimesomea Marangu, daraja la tatu A, nikaajiriwa mwishoni mwa miaka ya themanini nikapelekwa wilaya ya Iramba, huko huko Singida, ambayo nilikuwa naijua kwenye ramani tu. Nimestaafu juzi juzi na mpaka leo naishi huku huku Iramba. Kwahiyo hao wanaokwambia "Singida ni kukame utateseka na mtoto", ukame naujua, upepo wa mwezi wa sita unaopuliza vumbi mpaka kwenye sufuria naujua, na wanangu wamekulia humo na ni wazima.

Nikwambie kitu nilichokiona kwa walimu wenzangu wa rika langu. Mwalimu akipangiwa mbali na kwao anaishi kwa kungoja. Anangoja uhamisho, kwahiyo hanunui kitanda cha maana, analalia godoro chini. Hapandi hata mpapai kwa sababu ataula nani. Mtoto yuko kwa bibi, mume yuko mjini, likizo ikianza anakimbia, shule ikifunguliwa anarudi na kinyongo. Watakwambia kaa kwanza kituoni miaka mitatu ndio uombe, ukiomba unaambiwa tafuta wa kubadilishana naye, unampata, halmashauri moja inaruhusu nyingine inasema walimu ni wachache. Sasa hivi mnaombea kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi, na mna magrupu ya WhatsApp ya kubadilishana vituo, ni afadhali sana kuliko sisi wa kupeleka barua kwa mkono, lakini kusubiri ni kusubiri. Miaka mitatu kwa mtu mzima ni kidogo, kwa mtoto wa mwaka na nusu ndio anajifunza kuongea, ndio anajua nani anamfuta machozi.

Nilikuwa na mwenzangu, tulifika kituoni karibu wakati mmoja, mwalimu mzuri sana wa hisabati. Watoto wake wawili aliwaacha kwa mama yake mkoa mwingine, nia ikiwa ni mwaka mmoja tu. Uhamisho haukutoka, watoto wakaanza shule kule, ikaonekana wasivurugwe, wakamaliza la saba kule kule. Siku wamekuja kumtembelea nilikuwepo, binti alimpa mama yake shikamoo kwa adabu kabisa kama anavyomwamkia mgeni, halafu akaenda kukaa na bibi yake. Mwenzangu hakusema kitu, akaingia jikoni. Na huyu ni mtu aliyekuwa anatuma hela kila mwezi bila kukosa. Bibi hana kosa hata chembe, bibi alilea, na mtoto anampenda anayemwogesha.

Sasa kuhusu mumeo. Mume wangu ni seremala, alikuwa na karakana ya kushirikiana na wenzake Moshi mjini. Tulipooana alikaa kwanza huko, tukawa tunaonana Krismasi na likizo ya mwezi wa sita, na enzi hizo kutoka Singida kwenda Babati ni vumbi na mashimo, basi likikwama mnalala njiani, hii lami mnayoteleza nayo leo haikuwepo. Baada ya mtoto wa kwanza akafungasha randa zake na misumeno akanifuata. Ndugu zake waliongea sana, eti mwanaume gani anafuata mke porini. Hakubishana nao. Alifunga benchi lake chini ya mkwaju pembeni ya nyumba ya mwalimu, mwezi wa kwanza akatengeneza viti vya mwenyekiti wa kijiji, baadaye milango, vitanda vya maharusi, na mwaka 2016 ule wa kampeni ya madawati nchi nzima, baada ya elimu bila ada watoto wamefurika, yeye na vijana wake walikuwa hawalali. Watoto wetu wamekua wanacheza kwenye maranda, ndio tulikuwa tunawashia moto asubuhi. Fundi simu, mdogo wangu, ana kazi popote penye simu, na vijijini simu zinaharibika kuliko mjini kwa vumbi na chaji za kuunga unga. Sisemi aje kesho. Nasema muongee hilo kwa uzito uleule mnaoongelea uhamisho wako, maana watu wote wanaona mke ndio wa kuhama, yeye mwanaume kana kwamba ameota mizizi.

Haya, mtoto. Ukifika utaambiwa nyumba ya mwalimu ipo au haipo. Kama haipo utapanga kwa mwanakijiji, na kwa kweli kwa mwanzo mimi naona hilo ni bora kuliko kota, kwa sababu unapata bibi wa uani na watoto wa kucheza na wako. Ukiwa kota unaishi ndani ya shule na mlango wako ni wa wote. Enzi zangu walikuwa wanakuja usiku nisome barua ya mtoto aliyeko Dar, niandike majibu, siku hizi wanakuja nisome meseji ya hela imeingia au haijaingia. Mama mjamzito anaumwa uchungu wanagonga kwa mwalimu. Utawafungulia, lazima, hao ndio watu wako. Ila na wewe jiwekee saa. Mimi kuanzia jioni wakati wa kuogesha watoto mpaka wamekula, aliyekuja alikaribishwa akae, apewe uji kama upo, lakini alisubiri. Walinizoea.

Na kuna jambo hawakufundishi chuoni. Sauti. Unafundisha darasa la watoto mia na zaidi, hasa baada ya ile 2002 MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, imeanza na ada ya shule ya msingi imefutwa, tuliandikisha la kwanza mpaka wengine wana miaka kumi na mbili, wanakaa chini, unapaza sauti tangu asubuhi, ukirudi nyumbani sauti imeisha na uvumilivu umeisha, na mwanao ndio anakuja anakimbia kukuonyesha panzi alilolikamata. Watoto wa walimu wengi wanakula makombo ya mama yao, watoto wa watu wamekula kile kinono. Nilichokuwa nafanya nikifika nakaa kwenye kigoda nje, sisemi neno, mtoto ananikalia mapajani, tunakaa tu hivyo mpaka moyo umetulia. Baba yao aliwafundisha mama akifika usimuulize kitu, mkalie kwanza. Ilikuwa inanipa nguvu kuliko chai.

Kazi nyingine isiyo na mwisho ni madaftari. Nilikuwa nasahihisha nyumbani kwa koroboi, moshi unaingia puani, na wanangu walijua kazi yao: mmoja anafungua ukurasa ananiwekea, mwingine anapanga yaliyosahihishwa kwa mikondo, A huku B kule. Wamejifunza kusoma hapo. Mdogo alikuwa anasoma majina ya watoto kwenye majalada, "Mama huyu kaandika jina lake vibaya", na kweli kaandika vibaya. Umeme wa REA, wakala wa umeme vijijini, umekuja wakubwa wameshaondoka.

Utafika wakati mwanao atakuwa darasani kwako, shule za ndani hamna pa kumkwepea. Binti yangu mkubwa nilimfundisha la tatu. Nilichoamua ni kwamba karatasi zake za mtihani anasahihisha mwalimu mwenzangu, na maswali nayatungia ofisini, hayaingii nyumbani. Hivyo ndivyo wenzake walivyoacha kumnong'ona kuwa anapewa majibu. Muhula mmoja alishika nafasi ya chini chini huko, wazazi wakasema mtoto wa mwalimu na yeye? Jioni nikamuuliza tu ni wapi pamekushinda, akanionyesha, hesabu za kugawanya kwa tarakimu mbili, tukachukua punje za mahindi tukagawana mpaka akacheka. Usikubali kijiji kikufanye umchape mwanao ili kuonyesha huna upendeleo. Nimeona walimu wakifanya hivyo, mtoto anachukia shule na mama kwa pamoja.

Hela. Najua mnaanza na mshahara mdogo na mtaani kila mtu anajua mwalimu kaajiriwa. Benki watakufuata na fomu kabla hujapokea mshahara wa pili. Sheria inataka makato yote yakuachie angalau theluthi moja ya mshahara, lakini wakopeshaji wa kausha damu hawaangalii theluthi, wanachukua kadi ya benki na namba ya siri. Huko usikanyage hata mtoto akiumwa, bora ukope kwa mwalimu mkuu au kikoba cha akina mama. Na usijenge maisha kwenye kiinua mgongo. Sisi tuliokuwa mfuko wa pensheni wa PSPF tulizoea hesabu ya nusu ya mafao kwa mkupuo, mwaka 2018 mifuko ikaunganishwa ikawa PSSSF, 2022 kikokotoo, yaani hiyo sehemu ya kulipwa kwa mkupuo, kikawa asilimia 33, 2024 ikatangazwa 40. Aliyesema nitajenga nikistaafu amejikuta anapiga hesabu upya uzeeni. Sisi tulijenga pole pole, tofali za kuchoma za mwaka huu, bati za mwaka kesho, milango na madirisha kwa mkono wa mwenye nyumba mwenyewe.

Na Singida itakulisha ukiikubali. Kodi shamba heka moja au mbili ulime alizeti, mvua zinaanza mwezi wa kumi na mbili hivi, ukivuna unapeleka mashineni wanakamua, mafuta unauza na ya kula yanabaki, mashudu unalishia kuku. Kuku wa huku wanasifika hadi Dar, yaani mabasi yanabeba matenga. Hela ya sare na madaftari ya wanangu imetoka kwenye alizeti na kuku zaidi ya mshahara. Chakula mwanzoni utasumbuka, mimi mtu wa ndizi na mtori nilipewa ugali wa mtama na mlenda nikaona siwezi. Mama mmoja jirani akanifundisha kumega tonge dogo, kulizungusha kwenye mlenda na kulikata kwa pembe ya bakuli usivute uzi mpaka kifuani. Wanangu wenyewe wakienda Kibosho Krismasi wanauliza kwa bibi yao mlenda uko wapi, bibi anashangaa hawa ni wajukuu wa nani.

Hapo kwenye bibi nisieleweke vibaya. Mtoto amjue bibi, likizo zote tulikuwa tunaenda, nilikuwa nabana senti kwa ajili ya nauli kabla ya nguo. Mama yangu alikuja kukaa na mimi nilipojifungua wa pili na kwake ilikuwa safari ya maisha. Mwite mama yako au mama mkwe aje akae na nyie miezi ya mwanzo, hiyo ndio njia ya kumtumia bibi, aje kwa mtoto, mtoto asipelekwe akaachwa.

Ukija kupata mwingine ukiwa kazini, jua haki zako usisubiri kuambiwa: likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha 100, na ukirudi sheria inakupa muda wa kunyonyesha hadi masaa mawili kwa siku. Mwongelee mwalimu mkuu mapema mpange vipindi, vyako vikae asubuhi. Walimu wakuu wengi ni waelewa ukienda na mpango mkononi.

Vitu vya kubeba: chandarua, nguo za baridi za mtoto, watu wanadhani Singida ni joto, mwezi wa sita na wa saba usiku utatetemeka. Ndoo zenye mifuniko za kuhifadhia maji. Kadi ya kliniki usiisahau Dar. Kadi ya bima mwandikishe mtoto kama mtegemezi mara tu unapojaza fomu za ajira, na cheti cha kuzaliwa chake kiwe tayari, bila hicho utazungushwa.

Hujasema ni wilaya gani. Kama ni upande wa Iramba au Mkalama niandikie inbox jina la kata tu, kuna walimu wengi huko niliowafundisha wenyewe nikiwa nao darasani, nitaomba mmoja akupokee stendi na akutafutie chumba kwenye nyumba yenye watoto.